Mandhari na Kazi: Uhakiki wa Uchoraji wa John Constable

Neno mandhari hutumiwa sana katika uhakiki wetu wa fasihi, lakini ni nadra kuchunguzwa. Mwanafunzi anayeandika insha juu ya riwaya anajua kwamba baada ya kuzungumzia dhamira, wahusika na muundo, hana budi kutia aya moja ya mandhari; naye huitia, akataja mji, au msitu, au bahari, kisha akarejea kwenye mambo ayaonayo kuwa na uzito. Nasi walimu wake humpa alama zake bila kumwuliza zaidi. Hivyo mandhari imebaki kuwa kama pazia lililotundikwa nyuma ya jukwaa: ipo ili wahusika wasisimame hewani. Lakini asili ya neno hili, ambalo tumelipokea kutoka Kiarabu, ni kutazama. Na palipo na kutazama hapakosi mtazamaji, wala mtazamaji hakosi mahali aliposimama na sababu iliyomfanya asimame hapo.

Makala haya yananuia kulichunguza suala hilo kwa kupitia sanaa nyingine, yaani uchoraji wa rangi za mafuta, na hasa kazi za Mwingereza John Constable (1776–1837). Huenda msomaji akauliza jarida la lugha za Kiafrika lina haja gani na mchoraji wa mashamba ya Suffolk. Jibu letu ni kwamba wachoraji wa mandhari, tofauti na watunzi wa riwaya, hawana pa kujificha: wakiondoa mandhari, hakuna kinachobaki. Kwa hiyo maswali ambayo sisi tunayapita kwa aya moja, wao na wahakiki wao wamelazimika kuyajibu kwa ukamilifu. Dai letu ni hili: mandhari katika kazi za Constable si uzuri wa maumbile tu, bali ni maarifa ya kazi, na nguvu za picha zake, pamoja na upungufu wake, hutokana na aina ya kazi aliyoijua na nafasi aliyokuwa nayo katika kazi hiyo.

Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka aliyemiliki vinu vya Flatford na Dedham, vyote viwili vikiendeshwa kwa nguvu za maji ya mto Stour. Unga ulipakiwa kwenye mashua bapa, zikavutwa na farasi waliotembea kandokando ya mto hadi Mistley, na kutoka huko ukasafirishwa kwa jahazi la Golding mwenyewe mpaka London. Mto huo, kwa hivyo, haukuwa wa kutazamwa tu. Ulikuwa barabara, ulikuwa mtambo, tena ulikuwa mali. Maji yake yalizuiwa kwa malango na kufunguliwa kwa saa maalumu ili mashua zipande na kushuka, na mtu aliyekosea kuyapima aliharibu biashara ya siku nzima.

Golding alitazamia kwamba John angerithi kazi hiyo, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi kijana alifanya kazi vinuni. Katika kinu cha upepo cha East Bergholt alichonga jina lake kwenye boriti, pamoja na mwaka, 1792, na umbo la kinu chenyewe. Hatimaye ni mdogo wake, Abram, aliyeichukua biashara, naye John akaruhusiwa kwenda London kujifunza uchoraji katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mwaka 1799. Lakini mwaka ule mmoja wa usagaji haukupotea bure. Mtu aliyeendesha kinu cha upepo hawezi kuitazama mbingu kama pambo. Humbidi aelekeze matanga ya kinu upande unakotoka upepo, na aitambue tufani kabla haijafika, kwani ikimkuta ameyaacha matanga wazi humvunjia mtambo. Charles Robert Leslie, rafiki yake aliyeandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 1843, aliliona jambo hili, na tangu hapo kila mhakiki amelirudia, ingawa si wote wamelitia maanani.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haja ya kulielezwa kwa kirefu. Kaskazi, kusi, matlai na umande ni majina ya pepo, na kila mojawapo humwambia nahodha la kufanya: tweka, subiri, rudi. Majina hayo hayakubuniwa na watu waliokuwa wakistarehe barazani. Yalibuniwa na watu ambao upepo ukiwageuka huwa wamepotewa na shehena, au roho. Tukizisoma picha za Constable kwa macho ya nahodha tutazielewa upesi kuliko tukizisoma kwa macho ya mtalii.

Kuhusu miaka yake ya mafunzo hatutasema mengi. Kama vijana wote wa zama zake, aliwanakili mabingwa waliotangulia. Bwana mmoja tajiri, Sir George Beaumont, ambaye alikuwa mchoraji wa ridhaa na mkusanyaji wa picha, alimwonyesha picha ya Claude Lorrain ya Hajiri na malaika, na Constable aliiheshimu picha hiyo maisha yake yote. Lakini Beaumont huyo huyo aliamini kwamba mandhari njema hupakwa rangi ya hudhurungi, kama ilivyo rangi ya picha kuukuu zilizofunikwa na vanishi ya miaka mingi. Leslie asimulia kwamba Beaumont aliwahi kupendekeza rangi ya fidla kuukuu iwe kipimo cha picha nzima. Constable hakujibu kwa maneno, bali aliichukua fidla akailaza juu ya majani mabichi mbele ya nyumba. Kisa hiki hupendwa sana na walimu wa sanaa. Sisi tunakitaja kwa sababu nyingine: kinaonyesha kwamba ugomvi wa Constable na wakubwa wake ulikuwa ugomvi wa mapokeo na ushahidi, na katika ugomvi huo yeye alileta shahidi mahakamani badala ya kutoa hotuba.

Tukija kwenye utendaji wake, ndipo tunapofika kwenye kiini cha suala. Inadhaniwa na wengi kwamba Constable alikuwa mchoraji wa nje, aliyesimama shambani na kuchora alichokiona mpaka akamaliza. Dhana hii ina ukweli, lakini si ukweli wote. Ni kweli kwamba alibeba vijitabu vidogo vya kuchorea kwa penseli, na kwamba alichora mamia ya michoro midogo ya rangi za mafuta juu ya karatasi au vipande vya turubai akiwa nje, sanduku la rangi likiwa mapajani. Ni kweli pia kwamba picha yake ya ujenzi wa mashua karibu na kinu cha Flatford, iliyoonyeshwa mwaka 1815, aliichora yote nje, kama alivyomweleza Leslie. Picha hiyo inafaa kutazamwa kwa utulivu: mashua imo ndani ya shimo lililochimbwa kando ya mto, zana zimetawanyika chini, na lami inachemka kwenye chungu. Fundi anayeitazama aweza kueleza hatua iliyofikiwa. Lakini picha kubwa zilizompatia jina hazikuchorwa nje. Zilichorwa London, chumbani, mamia ya siku baada ya macho kuona.

Kati ya mwaka 1819 na 1825 Constable alionyesha mfululizo wa picha za mto Stour, kila moja ikiwa na upana wa futi sita hivi. Ukubwa huo ulikuwa tamko. Katika Chuo cha Kifalme, turubai kubwa ilitengewa historia, dini na vita. Mandhari ya mashamba ilipewa nafasi ndogo, kama mtoto anavyopewa kigoda. Constable alikuwa na umri wa miaka 43 alipochaguliwa kuwa mwanachama mshiriki mwaka 1819, na uanachama kamili hakuupata mpaka mwaka 1829, tena kwa kura moja tu zaidi. Kuchora farasi wa mashua kwa ukubwa wa mfalme kulikuwa ni kudai kwamba kazi ya mtoni ina hadhi ya historia.

Lakini turubai ya futi sita ilimletea tatizo la kiufundi. Mchoro mdogo uliochorwa nje kwa muda wa saa moja ni mwepesi na una uhai. Ukitanuliwa mara kumi, hufa. Constable alilitatua tatizo hilo kwa njia ambayo hapakuwa na aliyeitumia kwa namna hiyo kabla yake: alichora rasimu ya rangi za mafuta yenye ukubwa ule ule wa picha ya mwisho. Yaani kila picha kubwa aliichora mara mbili. Katika turubai ya kwanza alijitafutia, akipaka kwa brashi pana na kwa kisu, akiacha rangi ya kahawia ya msingi ionekane hapa na pale. Katika turubai ya pili aliandika, kama tunavyosema sisi, nakala safi. Gharama ya utaratibu huu, kwa mtu aliyekuwa na mke na watoto waliozidi kuongezeka na wanunuzi wachache, si jambo la kupuuzwa.

Mwandishi wa makala haya alipata bahati ya kusomea shahada ya uzamili London, na maktaba aliyokuwa akishinda haikuwa mbali na mtaa wa Keppel, karibu na Russell Square, ambako Constable aliishi alipokuwa akichora The Hay Wain, ambayo hapa tutaiita Gari la Nyasi. Picha yenyewe imo katika Jumba la Taifa la picha. Rasimu yake imo katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert. Jumamosi moja nilikwenda kwenye rasimu asubuhi, nikaenda kwenye picha alasiri. Nakiri kwamba asubuhi niliamini sina haja ya kuendelea na safari. Rasimu ile inapumua. Miti imetupwa turubaini kwa nguvu, maji ni michirizi, mbingu inatisha. Nilipofika kwenye picha ya mwisho niliiona, kwa dakika chache za mwanzo, kuwa baridi na yenye adabu nyingi, kama mtu uliyemzoea nyumbani kisha ukakutana naye ofisini.

Hisia hiyo haikuwa yangu peke yangu. Wahakiki wengi wa karne ya 20, wakiwa wamelelewa na uchoraji wa kisasa wa Ufaransa, wameiona rasimu kuwa ndiyo Constable halisi, na picha ya mwisho kuwa ni kafara aliyoitoa kwa wakubwa wa Chuo. Hoja hii inavutia, lakini hatukubaliani nayo, na sababu zetu zimo ndani ya picha zenyewe.

Gari la Nyasi lilionyeshwa mwaka 1821 kwa jina la Mandhari: Adhuhuri. Gari tupu la farasi limesimama katikati ya maji mafupi, kando ya nyumba ya mkulima Willy Lott. Upande wa kulia kuna uwanda wa nyasi unaometa kwa jua. Katika rasimu, uwanda ule wa mbali ni michapo tu ya brashi. Katika picha ya mwisho mtazamaji akisogea karibu ataona wakata nyasi wakiwa safuni, na gari jingine likipakiwa. Hapo ndipo anapoelewa gari la mbele linakwenda wapi, na kwa nini ni tupu: linarudi kuchukua mzigo wa pili. Mwanamke ameinama kando ya nyumba, majini. Mvuvi yumo katika majani marefu ya ng'ambo. Wapo wanaoeleza pia kwamba gari limeingizwa majini ili magurudumu ya mbao, yaliyosinyaa kwa joto, yavimbe na kushika vyuma vyake. Maelezo hayo yanaafikiana na kazi za majira hayo. Kwa hiyo katika safari kutoka rasimu hadi picha, kilichoongezwa si adabu tu. Kilichoongezwa ni kazi: nani anafanya nini, baada ya nini, kwa sababu gani.

Tuna ushahidi kwamba Constable mwenyewe alilihangaikia jambo hilo. Mapema mwaka 1821, picha ikiwa imefika mbali, aligundua kwamba hakulikumbuka sawasawa gari la mavuno la Suffolk. Aliandika nyumbani kuomba msaada, na Abram akamtuma John Dunthorne mdogo, mwana wa fundi jirani aliyekuwa rafiki wa Constable wa utotoni, aende kulichora gari hilo. Ilikuwa Februari. Abram alimwarifu kaka yake kwamba kijana alipata baridi kali katika kazi hiyo, na kwamba baba yake ndiye aliyemhimiza, akijua kuwa siku ya maonyesho inakaribia. Basi picha hii ya joto la adhuhuri ina ndani yake vidole vya kijana vilivyokufa ganzi. Mchoraji ambaye angetosheka na rasimu asingemsumbua mtu kwa ajili ya gari.

Kuna jambo jingine la kutazamwa. Katika rasimu pana mtoto juu ya farasi ukingoni mwa mto, mbele kabisa. Katika picha, Constable alimchora, akamfuta, akaweka pipa mahali pake, kisha akalifuta pipa nalo. Rangi za mafuta hupungua uzito kadiri miaka inavyopita, na leo kivuli cha kile alichokifuta kinaweza kuonwa. Msomi wa miswada ya Kiswahili atatabasamu hapa. Sisi ambao tumewahi kukaa na nakala mbili za utenzi mmoja, moja ikiwa na ubeti ambao nyingine hauna, tunalijua swali hili: je, mtunzi aliufuta, au mnakili aliusahau? Na kama aliufuta, tuna haki gani ya kuurudisha kwa sababu tu umetupendeza? Mhariri mwema hachapishi rasimu badala ya diwani. Huihifadhi, huichunguza, huieleza, lakini humwachia mtunzi neno la mwisho. Tunapendekeza kwamba Constable naye atendewe haki hiyo.

Maarifa haya ya kazi yanaonekana katika mfululizo wote. Katika Farasi Mweupe ya mwaka 1819, farasi amepakiwa ndani ya mashua, jambo ambalo mgeni angelishangaa. Sababu yake ni kwamba njia ya kuvutia mashua ilihamia ng'ambo, na farasi hakuwa na daraja. Katika Farasi Arukaye ya mwaka 1825, mnyama anaruka kizuizi kilichowekwa njiani ili ng'ombe wasitoroke, na farasi wa Stour walifundishwa kukiruka. Katika picha ya kinu cha Flatford, iliyoonyeshwa mwaka 1817, mvulana anafungua kamba ya farasi kwa sababu mashua inakaribia daraja, na hapo italazimika kusukumwa kwa upondo. Haya si mapambo, wala si hadithi. Ni ratiba ya kazi iliyogandishwa katika nukta moja.

Kisha kuna mbingu, na hapa hatuna budi kukaa kidogo. Mnamo 1821 na 1822, akiwa ameihamishia familia yake Hampstead, juu ya kilima nje ya London ya siku hizo, kwa ajili ya afya ya mkewe, Constable alichora mawingu. Mara nyingine hakuacha hata ncha ya mti chini ya picha. Mwaka 1822 peke yake alimwandikia rafiki yake, kasisi John Fisher, kwamba amekamilisha michoro ya mbingu takribani 50. Nyuma ya mingi aliandika tarehe, saa, na upande ulikotoka upepo, kama nahodha aandikavyo katika daftari ya chombo. Kwa Fisher huyo huyo alieleza, katika barua ya mwaka 1821, kwamba mbingu ndiyo inayotoa sauti ya msingi ya picha na ndicho kiungo kikuu cha hisia zake. Mchoraji asiyeifanya sehemu ya lazima ya utungo wake amejinyima msaada mkubwa.

Karibu miaka 20 kabla ya hapo, Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, alikuwa amependekeza majina ya Kilatini kwa aina za mawingu: la mfano wa nywele, la mfano wa lundo, la mfano wa tandiko, na la mvua. Constable alikuwa na kitabu cha Thomas Forster kilichoeleza mfumo huo, na aliandika maoni yake pambizoni, mara nyingine akipinga. Tunalitaja hili kwa faida ya wanaoshughulika na istilahi. Howard alifanikiwa kwa sababu alitaja maumbo ambayo kila mtu alikuwa akiyaona kila siku. Hakubuni vitu, alivitenga. Constable alikubali majina, lakini akadai yapimwe tena kwa macho. Sisi tunapounda istilahi za fani zetu mara nyingi tunatimiza jukumu la kwanza tukasahau la pili.

Kuhusu rangi yenyewe, mapokezi ya Ufaransa yanaeleza mengi. Mfanyabiashara John Arrowsmith alilinunua Gari la Nyasi pamoja na picha nyingine mbili kwa paundi 250, na mwaka 1824 likaonyeshwa katika Salon ya Paris, ambako Mfalme Charles X alimtunuku Constable nishani ya dhahabu. Mwenye nishani hakwenda kuipokea. Maisha yake yote hakupata kuvuka bahari. Delacroix aliiona picha hiyo, na baadaye aliandika kwamba siri ya ukijani wa Constable ni kuwa umefanywa kwa kijani nyingi tofauti, zilizowekwa pamoja bila kuchanganywa. Uchunguzi huu ni sahihi. Mahali ambapo Beaumont angetia rangi moja, Constable alitia kijani cha jani changa, cha jani kavu, cha jani lililogeuzwa na upepo, kisha akadondosha nukta za rangi nyeupe juu yake zikawa umande au mng'ao. Waingereza walizikebehi nukta hizo wakaziita theluji. Kiswahili, ambacho kina kibichi, kijani na chanikiwiti, hakikosi maneno ya kuielezea mbinu hii. Kinachokosekana ni wahakiki wa kuyatumia.

Tumekwisha kuyasifu maarifa ya Constable. Sasa hatuna budi kuuliza yalikuwa maarifa ya nani. Mwaka 1980 mhakiki John Barrell, katika kitabu chake juu ya maskini wa mashamba katika uchoraji wa Uingereza, alionyesha kwamba vibarua katika picha za Constable ni wadogo mno, wako mbali mno, na hawana nyuso. Hoja yake ni kwamba umbali huo si ajali: mmiliki hulipenda shamba linalolimwa, lakini hataki kumwona usoni anayelilima. Na historia inampa Barrell nguvu. Baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815, vibarua wa mashariki ya Uingereza walikumbwa na njaa na ukosefu wa kazi. Aprili 1822, mwaka mmoja tu baada ya Gari la Nyasi, Constable alimwarifu Fisher kwamba huko Suffolk hakuna usiku unaopita bila moto kuonekana, karibu au mbali. Maskini walikuwa wakichoma moto mali za wenye mashamba. Habari hizo alizipata kwa Abram, mwenye vinu. Hakuna picha hata moja ya Constable yenye moto huo.

Msomaji wa Kenya hashangazwi na jambo hili. Katika nchi yetu ardhi iliwahi kuchorwa, kupigwa picha na kuandikwa kana kwamba haina watu, na watu walipoonekana walikuwa nukta za kupendezesha uwanda. Sisi tunajua gharama ya mandhari iliyo tupu. Kwa hiyo hoja ya Barrell tunaikubali kwa moyo mweupe, ila kwa sharti moja. Constable hakuiondoa kazi, aliiondoa hasira. Wakata nyasi wake ni wadogo, lakini wamo safuni, na safu yao ni sahihi. Mchoraji wa mandhari tupu hawezi hata kukosea safu, kwani hana. Tofauti hii ni ndogo, lakini mhakiki asiyeiona atawahukumu wote kwa hukumu moja, na hapo itikadi itakuwa imefanya kazi ambayo macho yalipaswa kuifanya. Maarifa ya Constable ni ya mwana wa mwenye kinu: anajua kwa nini kamba inafunguliwa, ila hajui, au hataki kujua, mvulana anayeifungua amekula nini asubuhi.

Mkewe, Maria, aliyemwoa mwaka 1816 baada ya babu yake Maria kuipinga ndoa hiyo kwa miaka mingi, alifariki Novemba 1828 kwa kifua kikuu, akaacha watoto saba. Kuanzia hapo brashi yake iligeuka. Katika picha ya ngome ya Hadleigh ya mwaka 1829, na ile ya kanisa kuu la Salisbury lionekanavyo kutoka mbugani, iliyoonyeshwa mwaka 1831, rangi imepakwa kwa kisu, ikarundikwa na kukwaruzwa, na ile tofauti kati ya rasimu na nakala safi imekaribia kufutika. Hapa wapenzi wa rasimu wanaweza kudai ushindi. Hatuwanyimi. Ila tuongeze kwamba katika picha hizi za majonzi ndimo pia ratiba ya kazi inapolegea: mchungaji wa Hadleigh angeweza kuondolewa na picha isipoteze maana, jambo ambalo hatuwezi kulisema juu ya mvulana wa Flatford na kamba yake.

Picha yake ya mwisho ilikuwa ya Arundel, kusini mwa Uingereza. Aliishughulikia mpaka tarehe 30 Machi 1837, akafariki usiku wa siku iliyofuata, na ikaonyeshwa Chuoni mwaka huo huo. Arundel ina ngome maarufu ya makabaila, na mchoraji mwingine angeipa turubai nzima. Constable aliipandisha juu ya kilima, nyuma ya miti. Mbele, kando ya maji, aliweka kinu.